Pini Moja Kati ya 940

Barabara inayotoka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hadi mjini Tarime ina urefu wa kilomita zipatazo 87. Inapita kwenye mashamba ya mtama na mahindi, inavuka Mto Mara, inaingia Nyamongo kwenye dhahabu, kisha inapanda kupitia Nyamwaga na Mogabiri hadi kwenye ubaridi wa Tarime, mji wa ndizi na kahawa. Abiria wengi wa njia hii hufuata mnada, matibabu, kesi au jamaa. Mimi niliipita nikiwa na prosesa ya kompyuta ndani ya kopo la plastiki, na shughuli yangu yote ilikuwa pini moja iliyokatika.

Prosesa hiyo ni mali ya shule moja ya sekondari ya kata wilayani Serengeti, anakofundisha mdogo wangu. Chumba chao cha kompyuta kina mashine chache za mtumba aina ya HP Compaq dc5850, zilizokwisha kutumika kwenye ofisi za mbali kabla ya kufika kwao. Wanafunzi wanazipokezana kwa zamu. Moja ilianza kujizima yenyewe kila ilipopata joto, kwa sababu vumbi la kiangazi lilikuwa limeziba feni. Ilipofunguliwa ili isafishwe, hitisinki, yaani chuma cha kupoza prosesa, ilivutwa kwenda juu, na prosesa ikang'oka nayo, imeganda chini yake.

Jambo hili huwapata wengi, na chanzo chake kiko kwenye umbo lenyewe la kifaa. Prosesa za AMD za soketi AM2, iliyotoka mwaka 2006, zina pini 940 upande wa chini. Pini hizo zinaingia kwenye matundu ya soketi, na mkono mdogo wa pembeni ukishushwa unazibana kwa ubavu. Juu ya prosesa hakuna fremu yoyote inayoishikilia. Kati yake na hitisinki hupakwa pesti ya kupitisha joto, ambayo ikiwa mpya ni laini, lakini baada ya miaka hukauka na kuwa gundi. Mtu akivuta kwa nguvu, gundi inaushinda mkono wa soketi. Anayejua huiwasha mashine kwanza kwa dakika chache ili pesti ilainike, akaizima na kuchomoa waya wa umeme, kisha akaizungusha hitisinki taratibu kulia na kushoto kabla ya kuinyanyua. Hiyo ni kinga isiyogharimu hata senti, nami naiandika hapa ili imfikie kila mwenye kompyuta ya namna hiyo.

Prosesa ilipong'oka, mstari mmoja wa pini ulilala. Pini moja ikajaribiwa kunyooshwa kwa ncha ya kisu, ikakatika. Mwalimu akashauriwa aiandike mashine kuwa chakavu.

"Kaka," aliniambia, "kununua nyingine ni ajenda ya vikao vitatu vya bodi. Kabla ya kufika huko, nipelekee hii Tarime. Nasikia kuna kijana anaweza."

Aliifunga kwa karatasi ya fedha aliyoitoa kwenye pakiti ya sigara, pini zikiwa zimeguswa zote na karatasi hiyo, ili umeme tuli wa nguo na mikono usiingie kwenye njia moja peke yake na kuiunguza. Juu yake akaweka pamba, akafunika kopo.

Tulipanda Noah alfajiri. Baada ya kuvuka Mto Mara, mto huohuo ambao nyumbu huuvuka kwa maelfu ndani ya hifadhi upande wa mashariki, tulikuwa tumeingia Wilaya ya Tarime. Nyamongo gari lilisimama muda mrefu likisubiri abiria. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, na mashimo yake ya Nyabirama na Gokona yanajulikana na kila mtoto wa huku. Pembeni ya mgodi mkubwa, wachimbaji wadogo nao wana maduara yao, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea.

Mmoja wao alikaa jirani yangu, viatu vyake vimeganda vumbi jeupe la mawe. Nilipofungua kopo kuhakikisha pamba haijasogea, aliinama, akalipokea, akatazama.

"Mzee, hiyo ni dhahabu?"

Nilimwambia ndiyo. Pini zote za prosesa zimepakwa dhahabu, na pembetatu ndogo iliyo kwenye kona yake ni dhahabu pia. Watengenezaji wanaichagua kwa sababu haishiki kutu: umeme mdogo kabisa unaopita kati ya pini na soketi hauwezi kuvumilia hata utando mwembamba wa kutu. Lakini tabaka lenyewe ni jembamba mno. Unywele mmoja wa binadamu una unene unaolizidi mara makumi.

"Basi haiuziki," alisema.

Inauzika, na hapo ndipo penye hatari. Vyuma chakavu vya kompyuta vinatafutwa kwa ajili ya dhahabu hiyo, na wapo wanaoichambua kwa tindikali kali nyuma ya nyumba, bila glavu wala hewa ya kutosha, wakimwaga mabaki kwenye mfereji. Watu wa Nyamongo wanayajua madhara ya kemikali kuliko wengi, kwa kuwa zebaki ya kukamatia dhahabu wameiona kwa miaka mingi. Nilimweleza kwamba prosesa ile ikiwa nzima inaweza kuwafundisha vijana kwa miaka mingine kadhaa, ilhali ikiyeyushwa itatoa chembe isiyoonekana kwa macho. Alinirudishia kopo kwa mikono miwili.

Duka nililoelekezwa liko mtaa wa pili kutoka stendi ya Tarime. Mbele ni steshenari: watu wamepanga foleni kutoa nakala za vyeti, kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu na kutuma maombi ya ajira. Nyuma ya pazia kuna meza ya fundi. Ni kijana mwembamba, aliyejifunza kwa kukaa miaka kadhaa pembeni ya mafundi wa redio na simu. Aliniamkia, akanipa kiti, akatandika kitambaa cheupe kabla ya kulipokea kopo. Alipoona karatasi ya fedha, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Aliyeifunga hivi ni mtu mwenye akili."

Kitu cha kwanza hakikuwa bei wala chuma cha kulehemu. Alichukua lenzi ya kukuzia na sindano, akatoa kwenye faili karatasi iliyofifia wino: ramani ya pini. Watengenezaji wa prosesa huchora ramani kama hiyo kwenye nyaraka zao za kiufundi, wakionyesha kila pini na kazi yake. Safu za upande mmoja zina namba na za upande wa pili zina herufi, 31 kwa 31, nafasi chache zikiachwa tupu. Kuhesabu kunaanzia kwenye kona yenye pembetatu ya dhahabu, ambako ndiko kwenye A1.

Alihesabu kwa ncha ya sindano, akitamka herufi kwa sauti: A, B, C, D, E, F, G, H, J. Aliiruka I. Mbele kidogo akaruka O, na Q, na S. Herufi hizo huachwa kwa makusudi kwenye ramani za namna hii, pamoja na X na Z, ili zisichanganywe na nyingine au na namba. Mtu asiyejua akihesabu I, anaangukia safu ya jirani, na kila atakachoamua baada ya hapo ni juu ya pini nyingine. Fundi alihesabu, akahesabu tena kutoka kona ya pili, akaweka alama kwa penseli kwenye ramani.

"Sasa tunajua aliyekufa ni nani," alisema.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Kati ya pini 940, nyingi zinafanya kazi moja. Sehemu kubwa ni za kuingiza umeme, na nyingine nyingi ni za kuurudisha, yaani za ardhi. Hizo zinasaidiana kama vijana walioinua nguzo ya nyumba: mmoja akijitoa, waliobaki wanaongeza nguvu na nguzo haishuki. Prosesa iliyopoteza pini moja ya ardhi mara nyingi itawaka na kufanya kazi zake zote. Lakini zipo pini zisizo na mwenza: za saa ya kuongozea mwendo, za kuamsha prosesa, za kubeba data kwenda kwenye ramu. Ikikatika mojawapo ya zile za lazima, mashine haiwaki. Ikikatika ya upande mmoja wa ramu, mashine inaweza kuwaka kwa kutumia upande mwingine.

Yetu ilikuwa ya data, upande wa pili wa ramu.

Kabla ya kujaribu chochote, fundi alinyoosha zilizopinda. Hilo haliwezi kuahirishwa, maana pini mbili zikigusana na umeme ukawashwa, unaweza kuua kilichokuwa kizima. Alichukua penseli ya kubonyeza yenye tundu la nusu milimita, akatoa risasi yake ikabaki tupu. Akaivisha ncha juu ya pini iliyolala, akaiinua kidogo, akasimama, akatazama kwa lenzi, akaiinua tena. Pini inakubali kupinda mara moja na kurudi. Ikichezwa huku na huku chuma chake kinachoka na kuvunjika, na ndivyo ilivyokuwa kwa ile ya kwanza. Baada ya zote kusimama, alipitisha ukingo wa wembe kati ya safu, kwa urefu kisha kwa upana. Pini moja ilimzuia. Akaichungulia, akairekebisha, wembe ukapita.

Akaiweka prosesa kwenye bodi yake ya majaribio, ramu moja ikiwa kwenye upande wa kwanza tu. Ikawaka. Akahamishia ramu kwenye pande zote mbili. Monita ikabaki nyeusi.

Alinipa njia mbili, akinieleza kila moja kwa haki. Ya kwanza: irudi shuleni vilevile, itumie upande mmoja wa ramu. Itafanya kazi, lakini nusu ya ramu waliyo nayo italala bure na mashine itakuwa nzito. Ya pili: apandikize pini. Kwa hiyo alihitaji prosesa iliyokufa ya ukoo uleule, atoe pini yenye kichwa chake kizima. Alifungua droo yake kunionyesha alizonazo. Zote zilikuwa bapa, bila pini hata moja.

Hizo ni Intel za kizazi kilichofuata. Kuanzia mwaka 2004, Intel ilihamisha pini za kompyuta zake za mezani kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye soketi, zikawa springi ndogo zilizolala kwenye bodi. AMD ilibaki na pini kwa miaka mingi zaidi. Soketi AM4, iliyotumiwa na Ryzen za kwanza, ina pini 1331 zilizosongamana kuliko za AM2. Mwaka 2022, kwa soketi AM5, nayo ikazihamishia kwenye bodi. Kwa hiyo mfadhili wetu wa pini alipaswa kutafutwa kwenye makopo ya wazee, na fundi alijua pa kuanzia.

"Twende Sirari, mzee. Kuna aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu."

Sirari si mbali na Tarime. Ni mpakani kabisa: ng'ambo ya pili ni Isebania ya Kenya, na shilingi za nchi zote mbili zinapokelewa bila mtu kuuliza. Malori yanasubiri ukaguzi, akina mama wanavusha ndizi, na vifaa vya umeme vya mtumba vinapita pande zote mbili. Ndiyo maana mafundi wa huku wameshika mashine za kila aina, na ndiyo maana makopo yao yana kila kitu.

Mzee tuliyemfuata anatengeneza redio chini ya baraza. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho hadi alipomaliza kukaza skrubu. Fundi alimweleza haja yetu. Mzee akavuta boksi kutoka chini ya benchi, akapekua bodi zilizovunjika na feni zilizokwama, akatoa prosesa ya Athlon iliyomeguka kona. Aliipangusa mgongoni kwa kidole gumba ili ukoo wake usomeke. Prosesa nyingi za ukoo huu zina maandishi yanayosema kiini kilitengenezwa Ujerumani na kifaa kukamilishwa Malaysia. Ya kwetu nayo ilikuwa hivyohivyo. Ndugu wawili waliotoka mbali walikuwa wamekutana juu ya benchi la Sirari.

"Chukua, mura," alimwambia fundi. "Lakini ukitoa moja, niirudishie. Zitabaki nyingi, na yupo mwenzio atakayezihitaji."

Nilipotaka kulipa, alikataa. Aliniuliza tu shule ile ina watoto wangapi wanaogusa mashine kwa siku, na jibu lilipomfikia akasema tuwahi kabla umeme haujakatika.

Kazi ya kupandikiza ilifanyika jioni hiyo Tarime. Kwenye prosesa, kila pini inakaa juu ya kiduara bapa cha chuma, imelehemiwa hapo kwa kichwa chake kipana. Fundi aliipasha joto ile iliyokufa, akainyofoa pini moja kwa kibano, ikiwa na kichwa kamili. Kwenye prosesa ya shule alipangusa kiduara kilichobaki wazi kwa spiriti, akadondosha flaksi kidogo, akaweka tone la risasi ya kulehemu ambalo kwa macho matupu sikuliona. Kisha akaisimamisha pini, akagusa pembeni yake kwa ncha ya chuma cha kulehemu kwa muda wa pumzi moja, akaondoa. Hapo kuna makosa matatu ya kuogopa. Joto likizidi, pini za jirani zinaanza kulegea. Risasi ikizidi, inapanda kwenye shina la pini na kulinenepesha, nayo haitaingia tena tundu lake. Ikimwagika, inaunganisha majirani wawili. Alipomaliza alipima kwa testa kati ya pini ile na kila iliyoizunguka, akihakikisha hakuna iliyogusana na nyingine.

Nilimuuliza kuhusu njia ya mkato ambayo mafundi wengine huitumia: kuisimamisha pini ndani ya tundu la soketi bila kuilehemu, kisha kuikalisha prosesa juu yake ili zigusane.

"Inafanya kazi mezani," alijibu. "Lakini mashine hii inakaa Mugumu. Kesho ikihamishwa darasa, au ikipakiwa kwenye gari kwa barabara uliyoipita, pini itacheza na tatizo litaanza upya. Mtoto atakuwa katikati ya mtihani."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kijana huyu hakuwa anatengeneza prosesa peke yake. Alikuwa akiihesabu na barabara, na darasa, na mtoto asiyemjua. Prosesa iliwashwa na ramu pande zote mbili. Monita ikaonyesha jumla kamili. Hakuridhika na hilo, akaiacha programu ya Memtest86+ ikisoma na kuandika kila sehemu ya ramu usiku kucha. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja. Alidai malipo ya kazi ya mchana mmoja, akanipa na pesti mpya kwa ajili ya shule, pamoja na maelekezo kwamba ipakwe kiasi cha punje moja katikati na isirundikwe.

Waswahili husema mdharau mwiba mguu huota tende. Upande huu wa Mara tumezoea kuukubali mguu uote tende, kisha tuombe mguu mwingine kwa mfadhili. Mashine zinaletwa kwa sherehe na picha, lakini hakuna anayepanga nani atazitunza baada ya vumbi la mwaka wa kwanza. Ujuzi wa kuzitunza upo. Uko nyuma ya pazia la steshenari Tarime na chini ya baraza Sirari, na shule zetu haziufahamu.

Ujuzi huo nao hausimami mahali pamoja. Prosesa za kompyuta za mpakato zimekuwa zikilehemiwa moja kwa moja kwenye bodi tangu katikati ya muongo uliopita, na za mezani zimehamishia pini kwenye soketi, ambako springi iliyopinda hunyooshwa kwa sindano nyembamba na uvumilivu uleule. Fundi wetu anahitaji hadubini, mashine ya hewa moto na mahali pa kujifunza kuzitumia. Asipopata, kizazi kijacho cha mashine kitampita, na kila kifaa kibovu cha Serengeti na Tarime kitageuka takataka ya kuchambuliwa kwa tindikali.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa anachokiweza na kupewa cheti. Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuwatafuta vijana kama huyu, zikawalipia upimaji huo, kisha zikawapa mkataba wa kupita kwenye vyumba vya kompyuta vya shule kila likizo, kusafisha feni, kubadilisha pesti na kuwafundisha wanafunzi wawili watatu wa kila shule kushika lenzi na kusoma ramani ya pini. Vilevile kila shule inaweza kuwa na boksi moja la vifaa vilivyokufa, lisiuzwe kwa kilo, ili pini inayohitajika Mugumu isitafutwe tena mpakani.

Mdogo wangu ameshaanza boksi lake. Mashine ile inafanya kazi, na jina lake limefutwa kwenye orodha ya vitu chakavu. Ningependa orodha hiyo, katika kila shule ya wilaya hizi mbili, isitiwe saini hadi fundi awe ameketi na kifaa, akahesabu kutoka A1, na kusema kwa hakika ni nini kilichokufa na nini bado kizima.